Mama wa Shunemu Alirudishiwa Shamba Lake

Mazungumzo ya redioni. Somo: 2 Wafalme 8:1-6

Kama Biblia iko karibu nawe, tafadhali fungua Kitabu cha Pili cha Wafalme, mlango wa nane, tuzitazame aya sita za kwanza. Kama huna Biblia, sikiliza tu, nami nitakusimulia.

Palikuwa na mama mmoja wa mji wa Shunemu. Mnamkumbuka. Ndiye aliyemtengenezea nabii Elisha chumba cha kulala, na ndiye ambaye mtoto wake alikufa, Elisha akamwombea kwa Mungu, naye akafufuka. Basi siku moja Elisha akamwambia mama huyu kwamba njaa inakuja juu ya nchi, nayo itakaa miaka saba. Akamshauri aondoke na watu wa nyumbani mwake, akae ugenini popote atakapoweza kukaa. Mama hakubishana. Akafunga mizigo, akaenda katika nchi ya Wafilisti, akaishi huko miaka saba.

Miaka hiyo ilipokwisha, akarudi kwao. Lakini nyumba haikuwa tena mikononi mwake, wala shamba. Ikambidi aende kwa mfalme kulia haki yake. Na tazama jinsi Mungu alivyopanga siku hiyo. Mfalme alikuwa akizungumza na Gehazi, aliyekuwa mtumishi wa Elisha, akimtaka amweleze mambo makuu aliyoyatenda nabii. Gehazi alikuwa katikati ya habari za yule mtoto aliyefufuliwa, na papo hapo mama akaingia, pamoja na mwanawe. Gehazi akasema, huyu ndiye mama mwenyewe, na huyu ndiye mtoto. Mfalme akamwuliza mama, naye akaeleza. Ndipo mfalme akamweka ofisa mmoja ahakikishe kwamba mama huyu anarudishiwa mali yake yote, pamoja na mazao yote ya shamba tangu siku aliyoondoka mpaka siku aliyorudi.

Hii ni habari ya zamani sana, lakini ukiisikiliza vizuri utadhani imetokea hapa Kenya.

Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 hadi mwishoni mwa 2022, mvua ilikosa kunyesha ipasavyo misimu mitano mfululizo katika kaskazini mwa nchi yetu, katika Somalia na kusini mwa Ethiopia. Jambo kama hilo halikuwa limeonekana kwa muda wa miaka 40. Hapa Kenya peke yake, zaidi ya mifugo milioni 2 walikufa, na watu zaidi ya milioni 4 walifikia hali ya kuhitaji msaada wa chakula. Wataalamu wa hali ya hewa walipochunguza mambo hayo mwaka 2023, walieleza kwamba joto la dunia lililoongezeka ndilo lililoufanya ukame ule kuwa mkali hivyo, maana hata mvua kidogo inayonyesha hunyonywa upesi na jua kali kabla haijaufaa udongo.

Kisha mambo yakageuka. Mwishoni mwa 2023, na tena katika masika ya 2024, mvua ilikuja kwa ghadhabu. Waliokuwa wakilia kwa kukosa maji sasa wakalizwa na maji.

Na huko Bonde la Ufa kumekuwa na jambo lingine. Tangu karibu mwaka 2010 maziwa yetu yamekuwa yakipanda: Baringo, Bogoria, Nakuru, Naivasha, Turkana. Kufikia mwaka 2020 Ziwa Baringo lilikuwa limemeza mashamba, shule, zahanati, barabara na nyumba za watu. Huko Naivasha maji yaliingia mtaa wa Kihoto, watu wakatoka na magodoro vichwani. Ripoti ya serikali ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba karibu watu 400,000 waliathiriwa na kupanda kwa maziwa.

Sasa, ndugu mpendwa, watu hawa huenda wapi? Mfugaji aliyezika ng'ombe wake wa mwisho huenda kando ya mji wa Isiolo, au Marsabit, au Garissa, akajenga kibanda cha matawi na turubai. Mke wake huchoma makaa. Kijana wake hupanda lori kuja Nairobi kutafuta kazi ya ulinzi wa usiku. Pengine ndiye yule anayekufungulia lango kila jioni, nawe hujawahi kumwuliza kwao ni wapi. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2021 kwamba, mambo yakiendelea vibaya, kufikia mwaka 2050 watu hadi milioni 86 katika Afrika kusini mwa Sahara huenda wakahama ndani ya nchi zao kwa sababu kama hizi. Lakini makadirio hayo hayo yalisema pia kwamba tukichukua hatua mapema, hesabu ya wahamaji ulimwenguni yaweza kupungua hata kwa asilimia 80. Kwa hivyo haya si maandiko ya ukutani yasiyofutika. Kuna kazi ya kufanywa.

Tumwendee tena mama wa Shunemu, tuone alisaidiwa kwa njia gani. Naona mambo matatu.

Jambo la kwanza: mama huyu alionywa mapema. Elisha hakungoja mpaka watoto wa mama wawe mifupa mitupu ndipo alete gunia la unga. Alimwambia kabla ya njaa. Kwa sababu hiyo mama aliondoka akiwa na nguvu, akiwa na watu wake, akiwa na heshima yake.

Siku hizi Mungu ametupa macho mengine ya kuona mbele. Tunayo Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, ambayo hutoa habari kila mwezi juu ya hali ya malisho na maji katika kaunti kame. Tunayo bima ya mifugo iliyoanza Marsabit mwaka 2010, ambapo setilaiti hutazama majani kutoka angani, na malisho yakikauka kupita kiasi aliyejiunga hulipwa. Haya ni mambo mema. Lakini onyo lisilofika kijijini ni sawa na kengele iliyofungwa kitambaa. Je, habari hizo husomwa kanisani kwenu wakati wa matangazo? Tunatangaza harusi, tunatangaza harambee, tunatangaza mkutano wa akina mama. Kwa nini tusitangaze pia kwamba msimu ujao mvua itakuwa haba, kwa hivyo anayeweza kuuza mbuzi wawili sasa wakiwa wanene na auze?

Tena kuonywa mapema si kwa ajili ya kukimbia tu. Huko Ukambani, kikundi cha Utooni katika Machakos kilianza mwaka 1978 kwa watu kuunganisha mikono, kama desturi yao ya mwethya, na baadaye kikajulikana kwa mabwawa ya mchanga. Hujenga ukuta wa mawe na saruji kuukata mto wa msimu, ukuta ulioshika mwamba chini. Mvua ikinyesha, mto huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa ndani ya mchanga ambako jua haliwezi kuyanywa upesi. Wakati wa kiangazi watu huchimba kidogo tu, au hutumia pampu ya mkono, wakapata maji. Leo mabwawa kama hayo ni mengi katika Machakos, Makueni na Kitui. Mtu aliyepata maji karibu na kwake hana haja ya kuwa mgeni wa mtu. Suluhisho lililo bora kuliko yote ni mtu asilazimike kuondoka.

Lakini hapa naomba tusikosee. Kwa Mgabra, kwa Mturkana, kwa Msamburu, kwa Mborana, kuhama na mifugo si msiba. Ni hekima ya baba zake. Ibrahimu aliishi hivyo. Mfugaji hufuata mvua, na ndiyo njia aliyoishi nayo katika nchi ngumu kwa karne nyingi. Taabu yake huanza pale njia zake zinapozibwa kwa seng'enge, na visima vyake vya kiangazi vinapoingia mikononi mwa mwingine. Kwa watu hawa, kulinda njia za malisho na kuandikisha ardhi ya jamii kwa Sheria ya mwaka 2016 ni suluhisho sawa na kujenga bwawa.

Jambo la pili: mama huyu alipokelewa. Na ni nani waliompokea? Ni Wafilisti! Hawa ndio waliopigana na Israeli tangu siku za Samsoni. Biblia haitupi habari nyingi za maisha yake huko, lakini yatuambia alikaa miaka saba, akarudi akiwa hai, na mtoto wake yu hai. Mtu hawezi kuishi miaka saba katika nchi bila jirani mmoja wa kumwazima moto.

Wazee wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huitumia methali hii kumfukuza mgeni mvivu. Mimi naiona ni methali ya heshima. Kumpa mtu jembe ni kumwambia, wewe sasa ni mmoja wetu, una mikono, lima na ule jasho lako. Tatizo letu ni kwamba tumekuwa na wageni ambao tumewapa mahindi mwaka baada ya mwaka, lakini jembe tukawanyima. Kambi za Dadaab zilianza mwaka 1991, na Kakuma mwaka 1992. Waliokuja walikimbia vita, na wengine walikimbia ukame, na wengi walikimbia vyote viwili pamoja. Katika ukame wa juzi makumi ya maelfu wengine wakavuka mpaka kutoka Somalia. Wako wazee wa miaka 30 na zaidi waliozaliwa kambini, nao sasa wana watoto wao humo humo. Nashukuru kwamba tulipata Sheria mpya ya Wakimbizi mwaka 2021, na mwaka 2025 serikali ikazindua Mpango wa Shirika, wenye nia ya kugeuza kambi hizo ziwe makazi ambamo wageni na wenyeji watatumia shule, hospitali na masoko pamoja. Tuuombee mpango huo, na tuutazame utekelezwe, tena wenyeji wa Garissa na Turkana wasisahauliwe, maana nao pia ni maskini, na kiangazi hakikuwabagua.

Na wale wahamaji wa ndani, walio Wakenya wenzetu? Akifika katika mtaa wetu, neno la kwanza huwa, hawa watu wametoka wapi? Tena husemwa kwa sauti mbaya. Kanisa letu la Kianglikana lina desturi nzuri: Mkristo akihama, hupewa barua na kasisi wake, akaipeleka parokia mpya apokewe. Lakini mama ambaye nyumba yake imo chini ya ziwa, barua ataitoa wapi? Wazee wa kanisa, akija mama wa namna hiyo Jumapili, msimweke kwenye benchi la nyuma akingoja karatasi. Machozi yake ni barua ya kutosha.

Jambo la tatu, nalo ndilo zito: mama huyu alirudishiwa. Msikilizaji, hapa ndipo sisi huchoka njiani. Njaa ikija tunachanga. Tunapeleka lori la mahindi, tunapiga picha, tunarudi nyumbani tumeridhika. Lakini mama wa Shunemu hakwenda kwa mfalme kuomba mahindi. Alikwenda kudai nyumba na shamba. Chakula humfikisha mtu kesho. Mahali pa kukaa ndipo panapomfanya awe mtu tena, mwenye mlango wake, mwenye kaburi la baba yake, mwenye sauti katika baraza la chifu.

Na ni kitu gani kilichomsaidia? Alikuwa na shahidi. Kama Gehazi asingalikuwapo, huenda mfalme angalisema, nitajuaje kwamba shamba ni lako? Gehazi mwenyewe hakuwa mtu msafi. Soma mlango wa tano, utaona tamaa yake na adhabu aliyoipata. Hata hivyo siku ile alifungua kinywa na kusema, namjua huyu, namjua na mtoto wake. Basi Mungu alitumia kinywa cha mtu mwenye doa kumrudishia mjane haki yake, au kama mume wake alikuwa angali hai, basi mama asiye na wa kumsemea.

Ndugu wakristo, kanisa laweza kuwa Gehazi. Huko Baringo na kwingineko, nani anajua ni nani aliyeishi wapi kabla maji hayajapanda? Wengi hawakuwa na hati ya shamba. Lakini kanisa lina kitabu cha ubatizo, kitabu cha ndoa, kitabu cha mazishi. Mna majina humo, mna vijiji humo, mna miaka humo. Vitunzeni vitabu hivyo kama dhahabu, visiliwe na mchwa. Yafaa kasisi na wazee wakae pamoja na waliohama, waandike: fulani, mke wake, watoto wake, shamba lake lilipakana na la fulani, walitoka mwaka fulani. Siku itakapofika ya kugawa makao mapya, karatasi hiyo itasema. Tunayo sheria ya mwaka 2012 inayowalinda watu waliofurushwa makwao, na haiwahusu wale wa ghasia tu, bali na wale waliofurushwa na majanga. Lakini sheria haitembei yenyewe. Yahitaji mtu wa kuishika mkono na kuipeleka ofisini.

Mtaniuliza, je, kama shamba limo chini ya ziwa, litarudishwaje? Hilo ni swali la haki. Shamba la mama wa Shunemu lilikuwa lingalipo. La mtu wa Baringo huenda lisionekane tena maisha yake yote. Basi tumtazame Isaka katika Mwanzo 26. Alihamia Gerari kwa sababu ya njaa. Akachimba kisima, wenyeji wakamgombania. Akachimba cha pili, wakagombana tena. Akaondoka, akachimba cha tatu, hapakuwa na ugomvi, akakiita Rehobothi, akimshukuru Mungu aliyemfanyia nafasi. Aliyepoteza shamba kabisa anahitaji Rehobothi: ardhi nyingine iliyo halali, yenye maji, ambayo wenyeji wake wameshauriwa na kukubali, na ambayo hati yake ina jina lake. Ukimpeleka mtu penye ardhi ya ugomvi umempa Eseki na Sitna, na keshokutwa atahama tena, na safari hii akiwa na majeraha.

Kisha, msisahau mazao. Mfalme hakurudisha shamba tu. Aliamuru na mazao ya miaka yote saba yalipwe. Afrika nzima hutoa karibu asilimia 4 tu ya moshi wa kaboni unaochafua anga la dunia, lakini sisi ndio tunaozika ng'ombe. Mwaka 2022, katika mkutano wa mataifa huko Sharm el-Sheikh, Misri, walikubaliana kuwe na mfuko wa kuzisaidia nchi zilizopata hasara na uharibifu, na mwaka 2023 huko Dubai mfuko huo ukaanzishwa. Kilichotiwa ndani bado ni kidogo mno kikilinganishwa na hasara. Viongozi wetu wanapodai kule nje, hawaombi sadaka. Wanadai mazao ya miaka saba. Lakini nao pia, fedha zikifika, wazifikishe kwa mama wa Shunemu. Zisiishie kwa ofisa aliyetumwa.

Basi juma hili nakuomba ufanye jambo moja. Mtafute mtu mmoja karibu nawe aliyehamishwa na kiangazi au na maji. Usianze kwa kumpa kitu. Mwulize jina lake, kwao ni wapi, na aliacha nini. Msikilize mpaka amalize, na uyashike aliyosema. Huenda siku moja utakuwa mbele ya mtu mkubwa, naye aingie akilia haki yake, nawe uweze kusema, huyu namjua.

Tuombe. Ee Mungu Baba yetu, uliyemlinda mama wa Shunemu miaka saba ugenini, uwaangalie watoto wako waliotolewa makwao na jua na maji. Wape watumishi wa kuwaonya mapema, majirani wa kuwapokea, na mashahidi wa kuwasemea. Utufanye sisi kuwa mashahidi hao. Uwape wenye mamlaka moyo wa yule mfalme, wausikie mlio na kuurekebisha uovu. Nasi tulio na paa juu ya vichwa vyetu, utukumbushe kwamba Mwanao alikuwa mkimbizi Misri akiwa mchanga mikononi mwa mama yake. Kwa jina lake tunaomba. Amina.

Mungu awe nanyi mpaka tutakapokutana tena.